Gari Lisilo na Injini

Mtu wa kwanza kumwambia Sajenti Modest Qamara kwamba kesi yake ina kasoro alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na Modest hakupenda hata kidogo kufundishwa kazi na mtu wa namna ile.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Katika shamba moja la ngano kule Hirbadaw kulikuwa na banda, na ndani ya banda hilo kulikuwa na gari la mashindano ambalo wazee waliliita Ngurumo. Lilitengenezwa Uingereza baada ya vile vita vya kwanza vya dunia, na fundi aliyelitengeneza hakuridhika na injini za magari. Alichukua injini ya ndege ya kivita, yenye silinda kumi na mbili, akaifunga kwenye chesisi na kuiunganisha na magurudumu ya nyuma kwa minyororo kama ya baiskeli. Kwa muda hakuna gari lolote duniani lililokimbia kama hilo. Wengine walipoivunja rekodi yake bei ikashuka, na mlowezi mmoja, Bwana Tredwel, akalinunua na kulileta huku, ili kila kiangazi ziwa Balangida likikauka alikimbize juu ya chumvi na kutawanya ng'ombe wa watu. Mwaka 1939 Bwana Tredwel alikwenda vitani, hakurudi. Shamba likaja kuwa la serikali, na ubinafsishaji ulipoingia likawa la mwekezaji. Meneja wa mwekezaji huyo, Bwana Vicent, alipata mnunuzi wa Ulaya aliyelitaka gari zima. Akafungua banda na kukuta ganda tupu. Injini hakuna, magurudumu hakuna, hata usukani hakuna.

Ufunguo wa banda alikuwa nao mtu mmoja tu, Mzee Baltazar, ambaye ujanani alikuwa mwosha gari wa Bwana Tredwel na ndiye aliyeachiwa gari alipokwenda vitani. Modest akamweka ndani. Kisha akampata Tomaso wa palepale Hirbadaw akiwa na magneto, kile kidude kinachotoa cheche za kuwasha injini, na mjane mmoja wa Endasak, Fransiska, akiwa na gurudumu chini ya kitanda. Wote wawili walisema ni mali yao, tena bila kupepesa macho. Nao akawaweka ndani, Fransiska akiwa na pingu mbele ya watu wa mnada mzima. Jumatatu Mzee Baltazar alikuwa anapandishwa kizimbani. Injini isipopatikana angefungwa, na kwa umri wake kifungo chochote kingekuwa kifungo cha maisha.

Mkoa wa Manyara ulikuwa mchanga, mihuri yake ilikuwa bado inanukia upya, na kila askari alitaka kesi yake iwe ya kwanza kusifiwa Babati. Modest hakuwa tofauti na wenzake.

Ndiyo maana asubuhi hiyo alikuwa kwenye uwanja wa Nicodemo, nyuma ya stendi ya Katesh, pamoja na Koplo Violeth. Tangu biashara ziachiwe huru watu kama Nicodemo walikuwa wameota kila mji, na mizani zao, na malori yao, na ugonjwa wao wa kutouliza kitu kimetoka wapi.

"Leseni yangu iko ukutani, afande," Nicodemo alisema kabla hajaulizwa.

"Sikuja kutazama ukuta. Funua turubai."

Chini ya turubai palikuwa na kabureta ya shaba iliyopondwa, vipande viwili vya bomba la moshi na usukani wa mbao uliopasuliwa. Violeth alitoa zile picha ambazo mnunuzi wa Ulaya alizituma, akainama, akalinganisha.

"Ni vyenyewe," alisema.

"Unanunua vitu vya gari hili tangu lini?" Modest aliuliza.

"Tangu wiki hii."

"Nicodemo, usinichezee. Utando wa buibui kwenye lile banda ni mzito kuliko shuka langu. Vitu hivi vilitoka mle zamani."

"Ndiyo na mimi nashangaa, afande. Niko hapa tangu mwaka elfu mbili. Mtu akiiba hata bawaba ya choo cha shule, inapita kwangu." Akaona amejisema, akaendelea upesi. "Lakini ya gari hili sijawahi kuona hata nati moja. Umeanza wewe kukamata watu, kesho yake wakaanza kuja."

"Kina nani?"

"Aliyeleta kabureta ni mama mtu mzima. Alikuwa analia. Nikapima, nikamtajia bei, akaniambia, 'Hela yako sitaki, baba, chukua tu, kisikutwe kwangu.' Miaka yote hii sijaona mwizi anayekataa hela."

Modest aliichukua kabureta akaipangusa kwa kidole. Chini ya vumbi palikuwa na utando wa mafuta, na mafuta yalikuwa mabichi. Akanusa. Ilikuwa samli. Magneto ya Tomaso ilinuka samli, na gurudumu la Fransiska pia. Hata kule bandani, matundu yote ya boliti kwenye chesisi yalikuwa yamezibwa kwa vijiti vilivyofungwa vitambaa vya samli, kila tundu na kijiti chake. Alikuwa ameyaona haya yote na kuandika kwamba mwizi ni fundi mzoefu. Sasa alijiuliza ni mwizi gani anayeziba matundu ya kitu alichokiiba.

"Kuna wengine?" aliuliza.

"Kuna vijana wa Yaeda Chini. Walinikuta mnadani Haydom, wakauliza kama ninabeba chuma kizito. Nikawaambia wakipasue kwanza, nitakuja na lori."

"Uliwaambia wakipasue?"

"Mimi ni mfanyabiashara, afande."

Modest alirudi kituoni akiwa na haraka ya kuondoka, lakini kabla ya kuondoka alipita nyuma, ambako mahabusu waliruhusiwa kuota jua. Mzee Baltazar alikuwa amekaa kwenye benchi na koti lake la zamani, mikono mapajani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeamka salama?"

"Salama. Mzee, vyuma vya lile gari viko kwa watu wangapi?"

Mzee Baltazar alirekebisha koti lake begani. Modest alirudia swali, safari hii kwa sauti ya kipolisi. Mzee akamtazama kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani aliyetukana mbele ya wageni.

"Wewe si mtoto wa Qamara wa Dongobesh?"

"Ndiye mimi."

"Baba yako ana ng'ombe wangapi?"

Modest alitaka kutaja namba, akakosa ya kutaja. Hakuwa anaficha. Kwa kweli hakujua, na hakuna mtoto wa Dongobesh anayejua. Baba yake, kama wazee wote, hakuwahi kuweka ng'ombe wake katika boma moja. Wengine walikuwa kwa shemeji, wengine kwa rafiki kule bondeni, ili ugonjwa ukija, au ukame, au mtu wa kodi, usiwamalize wote kwa siku moja. Mtunzaji hunywa maziwa na kunyamaza. Akija mgeni kuuliza, mtunzaji husema ng'ombe ni wake, na mwenye ng'ombe hukaa kwake kama fukara. Kumhesabia mtu ng'ombe wake ni matusi, na kumtaja mtunzaji ni usaliti.

"Mtu haulizwi hivyo, mzee," alisema Modest.

"Basi," alisema Mzee Baltazar, akageuzia uso wake kwenye jua.

Modest akamwita Violeth. Kisha akatembea upesi kwenda kwenye Landrova, akaiwasha na kuielekeza Yaeda Chini.

Walipita Haydom bila kusimama, ingawa njaa iliwauma. Baada ya hapo barabara ikawa njia, na njia ikawa alama za magurudumu kati ya migunga. Violeth, mzaliwa wa Moshi, alishikilia mlango kwa mikono miwili na kumsikiliza mkubwa wake akiipangua kesi aliyoipanga mwenyewe.

"Kwa hiyo mzee hakuiba?"

"Aliweka. Aliambiwa atunze gari, akalitunza kama sisi tunavyotunza mali. Alilitawanya."

"Mbona Fransiska alisema gurudumu ni lake?"

"Ndivyo mtunzaji anavyotakiwa kusema. Angelitaja jina la mzee, ndipo angekuwa mwizi."

"Na samli?"

"Chuma kikiachwa kinaliwa na kutu. Wamekuwa wakikipaka miaka yote, kila mmoja kwake. Gari lilikuwa zima, Violeth. Lilikuwa zima kabisa, ila halikuwa mahali pamoja."

Violeth alifikiri kwa mwendo wa makorongo mawili.

"Na sasa wanalitupa."

"Kwa sababu nimewakamata," alisema Modest, akakanyaga mafuta. "Mimi ni mtoto wa huku huku. Mtu wa kutoka mbali angekosea ningemcheka."

Hawakuhitaji kutaja boma. Mchungaji waliyemkuta aliwaonyesha njia kwa mkono na hakuuliza wanatafuta nini, maana Landrova ya polisi Yaeda Chini haiji kuuza ndizi. Mwenye boma, mzee Gidamowsa, alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, shuka begani. Wanawe wawili walisimama kwenye lango la zizi, na mmoja wao alikuwa na nyundo kubwa ambayo hakujua aifiche wapi.

"Shikamoo, mzee," alisema Modest.

"Marahaba. Umekuja na pingu?"

"Nimeziacha garini."

"Basi kaa."

Lakini Modest hakukaa. Alikuwa ameshaona. Kwenye pembe ya zizi, samadi kavu ya miaka mingi ilikuwa imefukuliwa, na chini yake palikuwa na shimo lililotandikwa ngozi za ng'ombe, kavu na safi kama kitanda cha harusi. Kando ya shimo ilikuwepo injini ya Ngurumo. Silinda zilikuwa zimeng'olewa na kulazwa kwenye vumbi. Kasha lenyewe lilikuwa la alumini ya zamani, na alumini ya zamani haipindi, hupasuka kama chungu. Ilikuwa vipande. Ndani ya vipande, mahali ambapo nyundo haikufika, chuma kiling'aa kwa samli kana kwamba ndege ingeruka nacho kesho.

Violeth alichuchumaa, akajaribu kuunganisha vipande viwili. Vilikutana vizuri, lakini alipoviachia vikaanguka. Akaacha.

"Injini hii ni ya nani, mzee?" aliuliza, kwa sababu mtu lazima aulize.

"Ilikuwa yangu," alisema Gidamowsa. Kisha akavitazama vile vipande. "Sasa imekufa, naweza kusema. Ni ya Baltazar."

"Ilikuja lini?"

"Mwaka wa vijiji, watu walipohamishwa. Baltazar alikuta tairi moja la gari limekatwa viatu vya katambuga. Akasema, wakianza na miguu watafika moyoni. Akaileta hapa juu ya panda la mti, likikokotwa na ng'ombe, kiangazi chote. Chuma hakitoi maziwa. Kwa hiyo aliileta pamoja na mtamba, ili watoto wangu wanywe. Kila aliyepewa chuma alipewa na mtamba."

"Kila mtu?"

"Kila mtu. Unafikiri ng'ombe zake zilikwenda wapi?"

Modest aliikumbuka nyumba ya Mzee Baltazar kule Hirbadaw, ambako hapakuwa na hata mbuzi. Alikuwa ameandika kwa mkono wake kwenye jalada: mtuhumiwa hana mifugo, ana sababu ya kuiba. Aliona aibu iliyompanda hadi masikioni.

"Mke wangu aliipaka samli kila mwaka, mvua zikikaribia," Gidamowsa aliendelea. "Alipofariki, mkamwana akaipaka. Juzi wanangu wakarudi mnadani wakasema Fransiska amefungwa pingu mbele za watu. Mwanamke wa umri ule. Nikaona kitu hiki kitawafunga wanangu. Nikawaruhusu."

"Laiti mngengoja, mzee. Ningekuja kuichukua taratibu."

"Kwa Fransiska ulikwenda taratibu?"

Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini huyu wa Modest hakuwa na subira ya kuzaliwa. Alikuwa amefika na kukaa. Yule kijana mwenye nyundo aliiweka chini polepole. Alikuwa mkubwa wa mwili, na macho yake yalikuwa mekundu. Ni dhahiri kazi ile haikuwa imemfurahisha.

Gidamowsa aliinuka, akaenda kwenye vipande, akachagua kimoja chenye kibao kidogo cha shaba kilichoandikwa namba ya injini. Akakifunga kwenye kipande cha ngozi kutoka shimoni na kumpa Modest.

"Mpelekee Baltazar. Ng'ombe wa mtu akifa, unapeleka ngozi kwa mwenyewe, aone hukumuuza."

"Wewe ndiye uliyemtunza, mzee. Ni wewe wa kupeleka."

"Ngozi hupelekwa na yule ambaye ng'ombe amefia mikononi mwake," alisema Gidamowsa. "Kwangu aliishi."

Hapakuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililomuumiza Modest. Akaipokea.

Walirudi Katesh siku ya pili asubuhi, wamekuwa weupe kwa vumbi. Modest hakwenda kunawa. Alikwenda moja kwa moja mezani, akaandika kwamba gari liliachwa na mwenyewe mikononi mwa Baltazar kama amana, kwamba hakuna wizi uliotendeka, na kwamba Tomaso na Fransiska waachiwe saa hiyo hiyo. Alijua Bwana Vicent angepiga kelele mpaka Babati, na kwamba huko Babati kuna watu wangemsikiliza. Akaweka sahihi.

Fransiska alitoka kwanza. Modest alimsalimia, akainamisha kichwa, akaanza kumwomba radhi. Mama yule alijifunga kanga vizuri, akaitikia salamu kwa sababu salamu haikataliwi, na akaondoka bila kungoja maneno mengine.

Mzee Baltazar alikuwa kwenye benchi lake. Modest hakukaa karibu naye. Alichuchumaa mbele yake, kama kijana anavyochuchumaa mbele ya mkubwa, na kumwekea kile kifurushi mapajani. Mzee alikifungua taratibu. Alipokiona kibao cha shaba alikipitishia kidole, namba baada ya namba, na Modest akaelewa kwamba alikuwa anazijua kwa kichwa.

"Alikufa lini?" aliuliza Mzee Baltazar.

"Wiki hii."

"Alikuwa mikononi mwa nani?"

Violeth, aliyesimama mlangoni, alitazama pembeni.

"Mikononi mwangu," alisema Modest.

Mzee alilia. Hakuficha uso, hakufuta machozi, alilia tu kwa utulivu kama mtu aliyekuwa na haki ya kulia. Modest alibaki amechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi, na aliona si vizuri kuinuka kabla ya mzee kumaliza.

"Nilimwambia Bwana Tredwel atalikuta zima," alisema mzee.

"Hatarudi, mzee."

"Najua hatarudi. Kurudi alisema yeye. Mimi nilisema atalikuta."

Modest alikuwa amejiandaa kwa maneno haya njia nzima kutoka bondeni, na bado yalitoka vibaya.

"Mzee, uko huru. Hakuna kesi. Lakini bado kuna magurudumu, kuna rejeta, kuna ile minyororo. Watu wanaogopa, wanavitupa. Nitajie viko kwa nani. Nitapita mwenyewe, bila sare, bila gari la polisi, niwaambie mambo yamekwisha. Tuokoe kilichobaki."

Mzee Baltazar alikifunga tena kifurushi, akakaza fundo la ngozi na kukitia ndani ya koti. Akashika ukingo wa benchi na kuinuka. Modest alitaka kumsaidia, naye akaukubali mkono wake, akaegemea mpaka aliposimama wima. Kisha akauachia.

"Aliyeleta ngozi mwenyewe hadaiwi," alisema. "Sikudai, mwanangu. Nimepokea, na baba yako nitamwambia kwamba uliileta mwenyewe."

Akapiga hatua moja kuelekea langoni, ambako Tomaso alikuwa anamngojea, akasimama.

"Lakini hapewi ng'ombe mwingine wa kutunza."